Mama Ofa na Watoto wa Bibi Sare

Bei zinazochapishwa kwenye vitabu vinavyong'aa vya kampuni za meli ni bei za watu wasiomjua Mama Ofa. Ndivyo anavyosema mwenyewe, na husema bila kucheka. Kwa miaka ishirini na mbili ya kuwatafutia watu safari za meli za kitalii, hajamwacha mteja hata mmoja alipe bei hiyo. Mteja akichoka akasema, "Basi tulipe tu, tofauti yenyewe ndogo," Mama Ofa humtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayetupa dawa dirishani.

Ofisi yake iko ghorofa ya kwanza, juu ya fundi viatu, na harufu ya gundi hupanda ngazi pamoja na wateja. Ndani mna meza moja, viti vitatu, kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haifunguki mpaka ipigwe teke, na ukutani kalenda nne za meli, zote za miaka iliyopita. Anazibakiza kwa ajili ya picha. Anayetaka kujua tarehe ya leo sharti amuulize. Jina lake la kuzaliwa linajulikana benki na kwa mumewe. Kwa wengine wote, kuanzia fundi viatu hadi mkurugenzi wa shule ya mtaa wa pili, ni Mama Ofa.

Kazi yake si kukata tiketi, ingawa watu hudhani hivyo. Kazi yake ni kuuliza. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi hufungua daftari lake kubwa na kupitia wateja wote walioshika vyumba lakini hawajamaliza kulipa, mmoja mmoja, akiangalia kama bei ya chumba cha fulani imeshuka. Maana bei za meli hupanda na kushuka, na ikishuka kabla ya siku ya malipo ya mwisho, kampuni nyingi hukurudishia tofauti. Ila uiombe. Usipoiomba, kimya.

"Hawadanganyi," husema. "Wananyamaza tu. Sasa mimi kunyamaza siwezi."

Basi hupiga simu. Huiweka mezani iimbe muziki wake wa kumngojesha mtu, naye huku anamenya chungwa. Wakipokea, sauti yake hubadilika ikawa asali tupu. Ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, huyu mama. Wakimnyima punguzo, huomba chumba chenye dirisha. Wakikataa, huomba chakula cha jioni kwenye ule mkahawa wa melini unaolipiwa peke yake. Wakikataa tena, huomba fedha kidogo za mteja kutumia ndani ya meli. Na wakikataa yote hayo, huuliza kwa upole kabisa kama basi mteja wake hatawekewa hata kikapu cha matunda chumbani, maana ni mtu mzima na anakwenda mbali. Hajawahi kukata simu mikono mitupu. Kuna binti mmoja wa huko kwenye kampuni, hawajaonana hata siku moja, siku hizi humwita shangazi.

Mumewe, dereva mstaafu mwenye maneno yake, hudai kwamba hata posa yake haikukubaliwa mpaka alipotaja ataongeza nini juu yake. Mama Ofa hakanushi.

Mwanamke wa namna hii, anayesoma masharti ya chini kabisa ya karatasi kwa miwani miwili, ndiye aliyekosea kosa ambalo mtoto wa darasa la kwanza asingelikosea. Na alikosea kwa neno ambalo sote tunalitamka kila siku.

Asubuhi moja alipanda ngazi Bibi Sare. Huyu ni mshonaji wa sare za shule. Nusu ya watu wazima wa mji ule walisomea ndani ya kola zake. Ni mjane, ana miaka sabini na minne, mwembamba, na haketi mpaka akague kwanza mshono wa kiti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka meli."

"Meli ya kwenda wapi?"

"Popote. Ikae majini siku saba, isiwe inasimamasimama sana. Mimi na watoto wangu wawili. Chumba kimoja."

Moyo wa Mama Ofa uliruka. Asubuhi ileile ilikuwa imeingia ofa ya ajabu: watoto wawili wanasafiri bure wakilala chumba kimoja na mzazi au mlezi. Ilikuwa inafungwa saa sita mchana, na saa nne ilikuwa imeshapita. Akilini mwake akaona wajukuu wawili wadogo wanaolelewa na bibi yao, maana bibi gani hawaiti wajukuu zake watoto? Kalamu ikawa inakimbia.

"Kuna jambo lolote niwaambie kuhusu watoto?"

"Mkubwa hagusi samaki. Mdogo akipanda gari hutapika, sijui meli itakuwaje." Bibi Sare alifikiri kidogo. "Na wakiwa pamoja wananipa shida."

"Wote ndivyo walivyo," alisema Mama Ofa, na akapiga simu.

Kampuni haikutaka majina siku hiyo. Ilitosha idadi, na chumba kikashikwa kwa siku kumi hadi pasi za kusafiria zipatikane. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kikubwa chini, kingine kidogo pembeni, na cha tatu cha kushushwa kutoka darini kwa ngazi. Mama Ofa, kwa kuwa ni Mama Ofa, hakuishia hapo. Akaomba na kupewa vitabu viwili vya kupaka rangi, majoho mawili madogo ya taulo ya kuvaa baada ya kuogelea, na nafasi mbili kwenye chumba cha michezo, chini ya uangalizi wa mwalimu. Bibi Sare alishuka ngazi akimwombea dua njia nzima.

Siku ya tano, mwanamume mmoja akabisha hodi. Kipara, kitambi cha heshima, masharubu yaliyoanza mvi, na kamba ya kupimia ikining'inia mfukoni. Ni mpima ardhi. Aliweka pasi mezani.

"Hii ni ya mtoto wa Bibi Sare," alisema. "Kaniambia niilete."

"Ahsante sana, kaka. Mtoto mwenyewe yuko wapi? Ningependa kumwona."

Yule bwana akatazama nyuma yake, kisha akamtazama yeye.

"Ndiye mimi."

Mama Ofa alicheka. Kisha akafungua pasi, na kicheko kikakatika. Miaka arobaini na sita. Aliyaona yale majoho mawili madogo ya kuogelea, akaona moja likivalishwa kitambi kile, akajiona na yeye mwenyewe amekalia kuti kavu.

"Tunasafiri wawili tu, si ndiyo?" aliuliza mpima ardhi. "Mimi na mama?"

Hapo Mama Ofa, asiyejua kunyamaza, alinyamaza. Kitu katika lile swali kilimwonya. Alisema karatasi hazijakamilika na kwamba mama yake atamweleza. Bwana yule aliposhuka, alifunga ofisi mchana kweupe, jambo ambalo fundi viatu alilizungumzia wiki nzima, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Sare.

Bibi alikuwa kwenye cherehani, magunia ya vitambaa vya buluu yamemzunguka hadi kiunoni. Mama Ofa alibaki amesimama.

"Bibi, uliniambia watoto!"

"Ni watoto."

"Mtoto ana kipara, Bibi!"

"Nimekuita mwanangu tangu siku ya kwanza, na unaitika," alisema Bibi Sare bila kuacha kushona. "Wewe una miaka mingapi?"

Mama Ofa ana hamsini na mitatu. Aliketi juu ya gunia.

Ndipo Bibi alipoeleza, na alieleza kwa kifupi, akikata uzi kwa meno kila alipomaliza sentensi. Anao wawili: yule mpima ardhi, na dada yake, mkutubi wa maktaba ya manispaa. Baba yao alipolazwa, kaka alikuwa mbali sana kikazi. Mzee akamkataza binti yake asimwite, asije akakosa mkataba wake kwa homa ya siku mbili. Homa haikuwa ya siku mbili. Kaka alifika kaburi limeshafunikwa. Alimwambia dada yake maneno mawili tu, umeninyima baba, na tangu siku hiyo ni miaka minne hawapikiki chungu kimoja. Akija huyu Jumamosi, yule huja Jumapili. Mama amekuwa na nyumba yenye zamu kama hospitali.

"Nimejaribu chakula, nimejaribu wazee, nimejaribu kuugua," alisema. "Nikiwaita, mmoja akimwona mwenzake hutoka. Nikafikiri, ni wapi ambako mtu akitoka hana pa kwenda? Nikaona melini."

Mama Ofa alimtazama kikongwe yule aliyewapangia wanawe gereza lenye bwawa la kuogelea, akampenda palepale. Lakini ilibidi aseme ukweli. Ile ofa ilikuwa ya walio chini ya miaka kumi na miwili. Bila ofa, akiba ya Bibi ilikuwa haitoshi, na chumba kilikuwa kimebakiza siku tano.

"Basi nitafutie nyingine," alisema Bibi Sare. "Si ndiyo kazi yako?"

Alirudi ofisini na kushika simu. Yule binti wa kampuni aliposikia umri wa watoto alicheka mpaka akaomba radhi. Lakini alikuwa na jambo: kulikuwa na kundi la walimu wastaafu waliojitoa katika safari hiyohiyo, na vyumba vyao vya dirisha vilikuwa vinauzwa kwa bei ya kutupa. Vyumba viwili kwa bei iliyo chini ya kile kimoja! Na chakula cha jioni juu yake. Katika maisha yake yote ya kazi Mama Ofa hakuwa amepata kulamba dume namna ile. Alikwenda kwa Bibi akitembea juu ya hewa.

"Sitaki," alisema Bibi Sare.

"Bibi, viwili! Vyenye dirisha! Kwa pesa pungufu!"

"Nikiwapa milango miwili, kila mmoja atafunga wake. Nataka mlango mmoja."

Mama Ofa alihisi kama amechomwa. Kuikataa bei nzuri, kwake, ni jambo linalouma mwilini. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimlaumu Bibi kwa sauti, hadi watu wakageuka kumtazama, na alipofika kwenye ngazi zake lawama zilikuwa zimekwisha. Maana alijua yule bibi amesema kweli, na kwamba miaka yote hiyo yeye amekuwa akihesabu mengi, lakini milango hakuwahi.

Siku mbili alipekua. Alikuwa akitafuta chini ya neno watoto, na chini ya neno watoto hapakuwa na kitu. Siku ya tatu, akiwa amevua miwani na kushika tama, alijiuliza swali jipya: chumba chenye kitanda cha darini hulaliwa na nani? Familia. Na shule zikifunguliwa, familia ziko wapi? Nyumbani. Je, vyumba hivyo? Vitupu. Alipiga simu akauliza safari ya wiki ya kwanza baada ya kufunguliwa shule.

"Shangazi," alisema yule binti, "hiyo ina ofa lakini haitangazwi. Abiria wa tatu ndani ya chumba halipi. Wa umri wowote."

"Hata mwenye kipara?"

"Hata mwenye kipara."

Akiba ya Bibi ilitosha. Hata pesa ya kikapu cha matunda haikuhitajika. Kikapu kilipatikana bure.

Ilibaki fomu. Kila mtu mzima anayelala katika chumba cha pamoja lazima asaini mwenyewe, na majina yote yako juu ya karatasi moja, moja chini ya jingine. Mwisho wake Ijumaa saa sita mchana.

"Nitasaini mimi kwa niaba yao," alisema Bibi Sare. "Watakutana melini ngazi ikiwa imeshatolewa."

"Hapana, Bibi."

"Kwa nini?"

"Mimi sifichi abiria. Mtu akilala, ajue kalala na nani."

Bibi alisimamisha cherehani. "Wakijua hawaji," alisema. "Unajua hawaji. Mimi nina miaka sabini na minne, mwanangu. Unataka wakutane lini? Siku ya kunizika?"

Mama Ofa alimshika mkono, na Bibi akauondoa. Alitoka pale akiwa na uchungu wa kweli, kwa sababu alihisi amemtafutia yule mama chumba kisha akampokonya. Lakini hakubadili neno.

Alhamisi alimpigia mpima ardhi na kumwambia abiria wa tatu ni nani. Simu ilikatwa. Mchana alikuja mkutubi kuleta pasi yake, mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni, mtaratibu wa kusema, na Mama Ofa akamwambia vilevile. Aliisoma fomu mstari kwa mstari, kama mtu aliyezoea vitabu. Hakusaini wala hakukataa. Aliuliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani, akaikunja mara moja, akaondoka.

Ijumaa Mama Ofa alipofika, mpima ardhi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ofisi. Hakuwa amelala vizuri, macho yalisema hivyo.

"Nimekuja kuchukua pasi yangu, dada. Samahani kwa usumbufu. Mama nitaongea naye."

Mama Ofa alifungua mlango. Chini, kwenye sakafu, palikuwa na bahasha iliyosukumwa kupitia uwazi wa mlango. Aliiinua. Alijua ni ya nani, na alijua vilevile kwamba fomu ikiwa tupu, mambo yamekwisha. Aliichana pembeni, akavuta karatasi na kuitazama kwa haraka chini kabisa, mahali pa saini.

Ilikuwa imesainiwa.

Alitaka kusema jambo la busara. Badala yake akamkabidhi tu karatasi. Mpima ardhi aliipokea kwa uvivu wa mtu aliyekwisha kuamua, akapitisha macho juu ya jina la mama yake, lake, na la dada yake. Kisha akafika kwenye sehemu ya maombi kuhusu vitanda. Hapo palikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka, na alikaa hapo muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Mama Ofa, ambaye husoma karatasi za watu kinyumenyume tangu alipoanza kazi, aliyasoma kutoka upande wa pili wa meza.

*Kaka yangu asipewe kitanda cha juu. Goti lake la kushoto haliwezi ngazi, na hatasema. Juu nitalala mimi.*

Mpima ardhi aliketi. Chini fundi viatu alikuwa anagonga kisigino, akaacha, akaanza kingine.

"Kalamu unayo?" aliuliza.

Alisaini taratibu. Halafu akatoa simu na kuitazama kama kitu asichojua kinavyowashwa.

"Unayo namba yake?"

Mama Ofa aliigeuza fomu na kumwonyesha ilipoandikwa. Bwana yule aliisoma tarakimu kwa tarakimu. "Ni ileile," alisema, akaanza kubonyeza.

Mama Ofa akachukua simu yake mwenyewe na kutoka nje, akavuta mlango. Lakini ukuta wa ofisi ile ni wa mbao, na yeye ni binadamu. Alisikia, "Ni mimi." Halafu sauti ya bwana yule ikapanda ghafla:

"Nani kakwambia halijapona? Limepona zamani! ... Hapana. Hapana, nisikilize na mimi. Juu nalala mimi. ... Tangu lini unajua goti langu kuliko mwenyewe?"

Mama Ofa aliketi kwenye ngazi na kupiga namba ya Bibi Sare. Ilipokewa huku cherehani ikiunguruma nyuma yake.

"Bibi, watoto wanagombana."

"Kwa kununa?"

"Kwa mdomo, Bibi. Kwenye simu. Wanagombea kitanda."

Cherehani ilinyamaza. Mama Ofa alisikia pumzi ya Bibi Sare ikikatika, kisha kilio, kilio cha mtu aliyengoja miaka minne, na yeye pale ngazini machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Ndani mpima ardhi alikuwa bado anafoka.

"Nikawaambie watulie?" aliuliza Mama Ofa.

"Waache," alisema Bibi Sare. "Waache, mwanangu. Usiwaamue."